Baharini hapangojewi chombo

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na ujumbe unausoma ukanyamaza. Basi nakuandikia hapa, wasome na wengine. Sisi hapa Lindi hatujambo. Paa la jikoni limeshazibwa, na mama mkubwa anakusalimu sana.

Arobaini ya baba siisahau. Ulikaa chini ya turubai na wanaume, daftari lake mkononi, unaghani kwa sauti ile aliyoipenda. Mimi niliegemea dirisha la ukumbini ili nisipitwe. Ukafika ubeti wa mwisho. Baba aliandika: "Nangojea ufuoni, chombo changu kije pwani." Wewe ukasoma: "Nangojea baharini." Mzee aliyekuwa ubavuni mwako akainua uso. Nami nikasema kwa sauti, "Ufuoni!" Ukafunga daftari. Asubuhi ukapanda basi la Dar bila kuniaga.

Shangazi ananiambia unalalamika kuwa nilikuaibisha, na kwamba ufuo ni neno la vitabuni, vijana hawalijui, tena mizani haikuharibika. Kweli haikuharibika: u-fu-o-ni nne, ba-ha-ri-ni nne, na kina cha "ni" kipo pale pale. Wewe ndiye uliyefundishwa kuhesabu mizani kwa vidole. Mimi nilikuwa nasikiliza huku napara samaki. Lakini ufuo ni ule mchanga wa ukingoni, mtu anaposimama miguu ikiwa bado nchi kavu. Baharini hapangojewi chombo, mdogo wangu. Anayengoja chombo akiwa majini, chake kimeshazama! Baba alivuka maji kwenda Kitunda, ng'ambo ya pili, maisha yake yote na bahari haikumchukua. Ukamzamisha wewe, kwa neno moja, siku ya arobaini yake.

Wala hakuliweka kwa kujionyesha. Pwani kwake ni maji yanapokupwa; bamvua likija, maji yakapwa sana, mama alikuwa akienda mbali kutafuta pweza, na wewe ukilia umfuate. Mwambao ni wa nahodha, anayeambaa na chombo chake. Aliyeketi akingoja ana ufuo tu.

Maneno ya marehemu usiyarekebishe ili wasikilizaji wasipate taabu. Asiyejua atauliza. Vijana wa mtaani kwetu husema ufukwe, wengine bichi, na ukiwatajia ufuo wa bahari wanakuelewa mara moja. Tena binamu zetu walikuwa wanarekodi kwa simu. Ningenyamaza, ubeti ungeenea hivyo ulivyousoma, na nani angeurudisha? Wewe? Nimekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea, leo unaniita mgomvi mbele ya shangazi.

Ameniambia pia kuwa neno la baba umelipiga mstari kwa kalamu na kuandika lako juu yake. Lifute hilo lako. Kisha njoo na daftari Idi hii, uusome ubeti mzima, na mimi nitakuwa pale pale dirishani. Chumba chako hajapewa mtu.