Zege la pwani lipimwe umri, si nguvu peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo watu wa ujenzi tunalizungumza sana wenyewe kwa wenyewe, ila haliwafikii wanaotoa pesa. Mimi ni fundi sanifu mstaafu wa maabara ya vifaa vya ujenzi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuponda kyubu, yaani vile vibonge vya zege vya milimita 150 kila upande vinavyoletwa kutoka saiti. Vinalazwa kwenye maji, na siku ya 28 vinabanwa kwenye mashine hadi vipasuke. Namba ikiwa nzuri, mhandisi mshauri anasaini, mkandarasi analipwa, faili linafungwa.

Namba ile inaeleza zege linabeba mzigo kiasi gani. Kuhusu litakaa miaka mingapi, haisemi kitu. Huko Dodoma au Tabora unaweza kuishi na upungufu huo. Sisi wa Tanga, na wenzetu wa Bagamoyo, Unguja, Mombasa na Mtwara, hatuwezi.

Hivi karibuni jirani aliniomba nimtazamie nyumba yake ya ghorofa iliyo upande wa Raskazone, anataka kuongeza ghorofa nyingine juu. Nguzo zimepigwa lipu na rangi safi, kwa macho hazina neno. Nikazigonga kwa nyundo ndogo. Kwa juu zinalia kavu, lakini chini, karibu na sakafu, zinalia kama kuna uwazi ndani. Tukabandua lipu: ufa mmoja umenyooka kutoka chini kwenda juu, umeifuata nondo hatua kwa hatua, na kando yake michirizi ya kutu. Kipande cha zege kilitoka chenyewe mkononi. Nilipima unene wake, yaani zege lililokuwa likiifunika nondo, milimita 15. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa chumvi ningetarajia 50 au karibu na hapo. Na zege lenyewe lilikuwa gumu kweli kweli! Kyubu zake, kama zilipimwa, sina shaka zilifaulu. Nilimshauri aache habari ya ghorofa, atafute mhandisi wa kumtengenezea nguzo kwanza.

Kinachotokea humo ndani si muujiza. Saruji ina alkali nyingi, na alkali hiyo huivisha nondo utando mwembamba unaoizuia kushika kutu. Chumvi ya bahari hupenya polepole kwenye vitundu vya zege, na ikifika ya kutosha kwenye chuma inautoboa ule utando. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi, hivyo inalisukuma zege hadi linapasuka, na ufa unafungua njia kwa chumvi nyingine. Ukitumia mchanga wa ufukweni usiooshwa ndiyo umemaliza kabisa, maana adui umemmwaga ndani pamoja na zege.

Kuna hesabu moja ningependa kila msimamizi wa saiti aijue. Ukipunguza kwa nusu unene wa zege linaloifunika nondo, muda wa chumvi kufika haupungui kwa nusu. Unabaki takriban robo. Kwa hiyo kibarua anayekanyaga nondo zikalala kwenye mbao za kumwagia zege kwa sababu hakuna vipande vya kuziinua, anakata miaka mingi ya jengo kwa dakika moja, na hakuna kyubu itakayomtaja.

Wengine hunijibu kwamba wazee walijenga Kilwa na Gede kwa matumbawe na chokaa, na kuta bado zimesimama. Ni kweli, na nawavulia kofia. Lakini kuta zile hazina chuma ndani. Ndiyo maana pia vyumba vyao ni vyembamba: boriti ya mkoko ina mwisho wake, huwezi kuivusha ukumbi wa mita kumi. Tukitaka madaraja na gati tutatumia nondo, basi tujifunze kuzilinda.

Hapo ndipo utafiti unapoingia. Kuna saruji iliyotafitiwa na Profesa Karen Scrivener wa Lausanne, Uswisi, pamoja na wenzake wa Cuba na India. Nusu yake ni klinka, yaani yale madonge yanayotoka tanuruni na kusagwa kuwa saruji, asilimia 30 ni dongo lililochomwa, 15 ni chokaa ghafi iliyosagwa, na 5 ni jasi. Klinka inahitaji joto la nyuzi 1,450 hivi, dongo linatosheka na 700 hadi 850, kwa hiyo mafuta yanapungua na moshi pia. Kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba vitundu vya zege lake ni vidogo sana, na dongo lenyewe huikamata sehemu ya chumvi, hivyo inachelewa kufika kwenye chuma. Sharti ni dongo lenye kaolini, ule udongo mweupe, ya kutosha. Sasa nani asiyejua kaolini ya Pugu? Mawe ya chokaa yako hapa hapa Tanga. Ghana tayari wanachoma dongo kiwandani, pale Tema.

Nisiisifie kupita kiasi. Saruji hiyo hufanya zege linate, fundi anashawishika kuongeza maji, na akiongeza ameharibu. Isipomwagiliwa vizuri siku za mwanzo, hewa ya ukaa huiingia upesi kuliko saruji ya kawaida na kuimaliza ile alkali inayolinda nondo. Ndiyo maana nasema ifanyiwe majaribio hapa, kwa dongo letu, jua letu na mafundi wetu, vipande viachwe pale bahari inapopanda na kushuka, vikatwe na kupimwa mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo haina uzinduzi wala utepe wa kukata, nadhani ndiyo sababu haipati fedha.

Wakati tukisubiri, lipo linalowezekana leo. Kipo kipimo ambapo kisahani cha zege chenye unene wa milimita 50 kinapitishiwa umeme wa volti 60 kwa saa sita, ukajua chumvi itapenya kirahisi au kwa shida. Kipo pia kifaa cha mkononi kinachosoma kina cha nondo bila kubomoa kitu. Afrika Kusini, wakala wa barabara kuu umeingiza vipimo vya uimara wa namna hii kwenye mikataba ya madaraja yake.

Halmashauri za mwambao ziongeze vifungu viwili kwenye zabuni za majengo ya umma: kina cha nondo kipimwe baada ya mbao kuondolewa, na upenyaji wa chumvi upimwe sambamba na kyubu. Malipo ya mwisho yasitoke kabla majibu yote matatu hayajawa mezani.

Fundi sanifu mstaafu,
Chumbageni, Tanga