Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mtu Anavyofika Kikaoni

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha taarifa ya mwaka unaoisha. Mahesabu yamekaguliwa na mweka hazina atawasomea, kwa hiyo sitayagusa. Nitakaa kwenye jambo lililokula muda wetu karibu wote: mtu aliyechoshwa na pombe anakipataje kikundi cha karibu naye cha watu wanaosaidiana kuacha kunywa, na anakutana na nini siku ya kwanza.

Vikundi vipo. Kinachosumbua ni habari zake. Orodha nyingi zinazosambazwa zimepitwa na wakati: ukumbi umehamishwa, saa imebadilika, au kikundi chenyewe kilishavunjika na jina lake bado limo. Mtu amejikaza wiki nzima, ameoga, amevaa, amefika mlangoni, anakuta kufuli. Huyo kumpata tena ni kazi, na baa iko wazi njiani. Ndiyo maana sasa hakiingii kikundi chochote kwenye orodha yetu kabla mwanachama mmoja hajaenda kukaa kikaoni mwenyewe, na kila baada ya miezi mitatu katibu anapiga simu kuhakikisha bado kinakutana.

Tumeongeza pia maelezo ambayo wengi hawajui kuyauliza. Vikao vya Alcoholics Anonymous, vikundi vya wanywaji wanaosaidiana kuacha, kwa mfano, viko vya aina mbili: vya wazi, ambako yeyote anaweza kukaa na kusikiliza, na vilivyofungwa, ambavyo ni vya wenye tatizo la pombe tu. Mke anayemsindikiza mumewe bila kulijua hilo ataachwa nje, na mume atapata kisingizio cha kuondoka naye. Jamaa wa mnywaji wana vikundi vyao vya Al-Anon, vilivyoanza 1951, na wanaweza kwenda hata kama mnywaji mwenyewe hataki kusikia habari ya kuacha.

Hapa kamati ilibishana, tena kwa sauti. Wazee wetu, ambao wengi waliacha pombe kwa Hatua Kumi na Mbili, yaani njia ya kupona inayofuatwa na Alcoholics Anonymous, walitaka orodha ibaki na vikundi vya njia hiyo peke yake. Wana hoja. Njia hiyo imetokana na watu wawili, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, waliokutana Akron, Marekani, mwaka 1935, na hadi leo sharti la uanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, wanachama wanachangia wenyewe. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ya mwaka 2020 nayo yalionyesha kwamba tiba zinazomwelekeza mgonjwa kwenye vikundi hivyo hufanya vizuri kuliko tiba nyingine zilizozoeleka katika kumfanya asiguse pombe kabisa. Lakini wapo wanaosikia Mungu akitajwa kwenye hatua wakainuka na kuondoka. Hao tunawaelekeza SMART Recovery, iliyoanza 1994 na inayotumia mbinu za kisaikolojia, au Women for Sobriety, ya wanawake, tangu 1975. Msimamo wangu, nao ndio uliopita kwa kura, ni kwamba kikundi kinachomfaa mtu ni kile atakachorudi wiki ijayo.

Jambo la afya sitalipitia juu juu. Anayekunywa kila siku tangu asubuhi hatakiwi kuambiwa "acha leo, njoo kesho." Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache. Degedege linaweza kumpata katika siku mbili za mwanzo, kisha wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Kwa hiyo anayepokea simu zetu huuliza kwanza: umekunywa mara ya mwisho lini, na umewahi kupata degedege ulipoacha? Jibu likitia shaka, hospitali hutangulia na kikundi hufuata. Vilevile tumekiondoa kwenye orodha kikundi kilichokuwa kinawaambia watu watupe dawa walizopewa na daktari. Naltrexone na acamprosate ni dawa halali za uraibu wa pombe, na anayezitumia hajadanganya mtu.

Usindikizaji ndio ulionifurahisha zaidi. Mgeni akiomba, mwanachama anakutana naye nje ya ukumbi dakika chache kabla na kuingia naye. Wasindikizaji wamejifunza mambo madogo: mgeni akae karibu na mlango akitaka, asilazimishwe kusema hata jina lake, na kikombe chake cha chai kijazwe nusu tu, maana mikono ikitetemeka chai ikamwagika mbele za watu, aibu ile inatosha kumfukuza. Wanaopotea baada ya kurudia kunywa wanapigiwa simu na msindikizaji yuleyule, bila kuhojiwa.

Vikao vya mtandaoni vimebaki tangu corona na vinawafaa wanaoishi mbali. Sina la kuongeza hapo.

Leo tunachagua katibu na wajumbe wawili wa kamati. Zamu ya simu ya Jumapili jioni bado haina mtu, na ndiyo yenye simu nyingi kuliko zote. Awe mtu ambaye hajagusa pombe kwa mwaka mmoja au zaidi, na ajiandikishe kwa katibu kabla hatujatawanyika.