Ukija kuchukua geti, usitazame moto wa weldingi

Juzi mama mmoja alikuja karakana yetu hapa Arua kuuliza bei ya geti. Swali lake la pili lilihusu mnara wa simu uliosimama karibu na kiwanja chake: mionzi yake haitawaletea watoto saratani? Tukiwa tunaongea, mwanawe wa miaka kama sita alichuchumaa mlangoni akimkodolea macho fundi anayechomelea. Nilimziba uso kwa kiganja kwanza, ndipo nikajibu.

Mama, mawimbi ya mnara ni mawimbi ya redio. Hayana nguvu ya kuvunja vinasaba. Yakizidi sana hupasha joto tu. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka kundi la 2B, yaani huenda yanaleta saratani, ushahidi ni haba. Mwaka 2017 mionzi ya weldingi waliiweka kundi la 1, lililo na eksirei na jua. Makundi hayo hupima uhakika, si ukubwa wa hatari, lakini huku neno "huenda" limeondolewa.

Mwanga ule wa weldingi una urujuanimno, yaani mionzi isiyoonekana kwa macho, unaolibabua jicho kama jua linavyobabua bega. Ubaya wake hauumi papo hapo. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi nilichomelea siku nzima na miwani ya jua ya kawaida. Jioni nikala vizuri. Usiku wa manane niliamka macho yakiwaka kama yamejaa mchanga, machozi yanachuruzika, hata kibatari sikiwezi. Wakaniwekea vipande vya kiazi kibichi. Havikusaidia kitu. Yakikupata, kaa gizani, weka kitambaa baridi, usifikiche, nenda kliniki. Usiazime dawa ya matone ya jirani. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, ila kuunguzwa tena na tena ndiko kunakotutisha sisi mafundi.

Kugeuza mgongo pia hakutoshi, maana mabati mapya hurudisha mwanga.

Ndiyo maana tumetundika turubai zito mbele ya meza ya kuchomelea, na benchi la wateja tumelihamishia upande wa duka. Kabla ya kugusisha rodi, fundi hupaza sauti: "Macho!" Tukija kufunga geti nyumbani kwako tutabeba turubai letu, bila malipo ya ziada. Wewe tuwekee watoto ndani mpaka tumalize.