Kazi ya likizo ndefu ichaguliwe kwa kalenda ya chuo

Mhariri,

Mitihani ya kidato cha sita ikishamalizika mwezi Mei, kijana wa Tanga hubaki na miezi mitano hivi kabla vyuo havijafunguliwa Oktoba au Novemba. Wengi hushika kazi ya kwanza wanayoitiwa, na wanachouliza ni malipo tu. Naomba nafasi niwaambie vijana hao na wazazi wao kwamba kuna maswali mawili ya kutangulia hilo. Je, unaweza kuiacha kazi hiyo Oktoba bila hasara? Na je, inakuachia asubuhi za siku za kazi?

Nasema asubuhi kwa sababu miezi hii ni ya makaratasi. Anayetaka mkopo wa elimu ya juu anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na yatima anahakikisha na vyeti vya vifo vya wazazi. Anahitaji mdhamini mwenye kitambulisho, saini ya serikali ya mtaa, na mhuri wa wakili au hakimu. Kinachokwamisha wengi ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne kinasema Mwanaamisi. Hapo lazima upate hati ya kiapo, na foleni inaanza upya. Kazi hiyo ifanyike Juni, matokeo hayajatoka. Matokeo yakishatoka Julai, dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa na kila mtu anakimbilia ofisi zilezile, ambazo saa tisa na nusu alasiri zinafungwa.

Kabla ya yote hayo, tazama orodha ya wahitimu walioitwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa. Aliyepangiwa kambi asichukue kazi wala mtaji wa mtu.

Sasa tupime kazi zenyewe. Mauzo ya dukani barabara za Ngamiani yanavutia kwa kuwa yana mshahara. Tuseme ni Sh120,000 kwa mwezi. Ukitoka Pongwe kwa nauli ya Sh600 kwenda na Sh600 kurudi, ukala mchana kwa Sh2,000, kwa siku 26 umetumia Sh83,200. Umebaki na Sh36,800, na asubuhi zote zimekwenda. Bodaboda ya mkataba, ile unayopeleka hesabu kwa mwenyewe mpaka iwe yako, ni mbaya zaidi kwa mwanafunzi, maana mkataba huwa wa mwaka au zaidi; Oktoba unaondoka, pikipiki inabaki kwa mwenyewe pamoja na hesabu zote ulizopeleka. Kibanda cha uwakala wa pesa za simu kina hatari yake: floti, yaani salio la kwenye simu, na keshi zisipolingana na hesabu jioni, pengo hulipwa na aliyekaa kibandani. Ujumbe wa uongo mmoja wa "umepokea" hufuta kamisheni ya wiki nzima. Ukikubali, hesabu floti na keshi mbele ya mwenye kibanda asubuhi na jioni, muandike wote wawili.

Kwa walio pwani ya Mkinga kuna mwani. Mbegu hufungwa kwenye kamba kwa tai-tai, yaani vijikamba vyembamba, kamba ikashikwa na vigingi, na baada ya wiki sita hivi unavuna, kwa hiyo likizo inatosha mavuno mawili. Kazi hufanyika siku za bamvua tu, maji yanapokupwa sana, siku nyingine uko huru. Lakini Juni hadi Agosti upepo wa kusi ni mkali na hukata mwani uliofungwa ovyo, tena kilo saba au nane mbichi hutoa kilo moja tu kavu. Ukauanika mchangani badala ya kwenye chanja, mnunuzi anashusha bei.

Ninayoipendekeza zaidi, na naisema kwa moyo wote, ni kufundisha tuisheni mtaani. Kalenda yake inaingia ndani ya likizo kama ufunguo kwenye kufuli: darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne Oktoba hadi Novemba. Wazazi wanatafuta msaada Juni hadi Agosti, wakati huohuo kijana ana masomo kichwani mabichi kabisa.

Chagua ngazi moja na masomo mawili ya tahasusi yako, yaani mchepuo uliousoma. Wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) afundishe biolojia na kemia za kidato cha nne, asijitie kwenye historia. Wanafunzi wasizidi 12. Nusu ya ubao wa plaiwudi, futi 4 kwa 4, uliopakwa rangi nyeusi ya ubao unatosha, pamoja na boksi la chaki na kibaraza chenye kivuli. Siku ya kwanza usifundishe: wape mtihani wa taifa wa miaka iliyopita, usahihishe, uone wanapoanguka. Darasa la saba mara nyingi ni sehemu, desimali na asilimia. Anza hapo.

Ratiba ya Tanga ina jambo lake. Alasiri watoto wengi wako madrasa kwa ustadhi, na mwalimu wa tuisheni anayegombania saa hiyo hupoteza nusu ya darasa. Tumia Jumamosi na Jumapili asubuhi, saa mbili hadi saa tano. Usiku baada ya Magharibi usipange, hasa kwa wasichana, mpaka wazazi wenyewe wakubaliane nani atawarudisha.

Ada ikusanywe kila Jumamosi, si mwisho wa mwezi. Deni la mwezi mzima mzazi halilipi, humhamisha mtoto. Kwa Sh2,000 kwa wiki, watoto 12 ni Sh24,000. Wiki 12 ni Sh288,000, nauli hakuna. Kosa kubwa la vijana ni kuwanakilisha watoto noti saa tatu nzima. Mtoto afanye maswali, wewe pita daftari kwa daftari. Wala usimwahidi mzazi alama fulani.

Mwisho, ombi kwa wenyeviti wa mitaa: kijana akija kujitambulisha na darasa lake la kibarazani, mwandikeni, jueni anafundisha wapi na watoto gani, na mzazi akiuliza mumjibu.

Mwalimu mstaafu wa sekondari,
Makorora, Tanga