Kikao cha Jumamosi: njooni na rejesta

Habari za asubuhi ndugu zangu wa zahanati za Kasulu. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakutana palepale, kila mtu na rejesta yake ya wagonjwa wa nje. Nataka tuzungumzie majibu hasi. MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) inasema hakuna malaria, sisi bado tunaandika ALU (dawa mseto ya malaria) kwa kuwa mama katembea mbali na hataki kurudi mikono mitupu. (Hata mimi nimefanya, sikatai.) Homa ile huenda ni nimonia, hesabuni pumzi za mtoto. Tena, MRDT yaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo ulizeni kama alitumia dawa karibuni. Mwenye degedege asisubiri vidonge: artesunate (dawa ya malaria kali) ya sindano, kisha rufaa. Chai ipo.