Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nakuru: Tusiambiwe "Ni Uzee Tu" Kabla ya Kupimwa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 68, mkazi wa Kaptembwo, na maneno yaliyonifanya nishike kalamu ni haya: "Ni uzee tu, mama." Niliambiwa hivyo katika kituo kimoja cha afya, ambacho sina haja ya kukitaja, nilipoeleza kwamba naamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, koo hunikauka na macho yamekuwa na ukungu. Nilirudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Miezi mitano baadaye, kidonda kidogo cha kiatu kilipokataa kupona, ndipo nilipopimwa sukari kwa mara ya kwanza, ikawa 17, yaani juu mno. Uzee ulikuwa umesingiziwa.

Hatuwezi kusema kwamba hali ya wazee wa Nakuru haijulikani. Mwaka wa 2007 na 2008 watafiti walizunguka vijiji na mitaa ya hapa kwetu, wakawapima maelfu ya watu waliotimiza miaka 50 na zaidi, wakakuta takriban nusu yao wana shinikizo la damu lililo juu. Kisha walirejea mwaka wa 2013 na 2014 kuwatafuta watu wale wale na kuwapima tena macho. Kipimo cha macho cha simu kiitwacho Peek, ambacho leo kinatumika katika nchi nyingine, kilijaribiwa hapa. Tumewafaidisha wengine kwa macho yetu, na si vibaya nasi tukifaidika.

Serikali ilipowazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023, kila mmoja akipewa mkoba wenye mashine ya presha na kifaa cha kupimia sukari, nilifurahi kwa dhati, kwa kuwa hatimaye kipimo kilikuwa kinamfuata mzee mlangoni. Binti anayehudumia ploti zetu ni mwenye bidii na adabu, wala barua hii haimlaumu hata kidogo. Ila juzi alipofika, stripu za sukari zilikuwa zimekwisha. Alipotaka kumpima presha jirani yangu, aliyepakia magunia kwenye malori kwa miaka mingi na bado ana mkono mnene kama gogo, mkanda wa mashine ulimfika kwa shida, ukawa unaachia kila unapojaa hewa. Hatimaye mashine ilionyesha namba ya juu ya presha kuwa 168. Mzee alihangaika siku tatu bila usingizi, hadi duka la dawa lenye mkanda mpana lilipompima likapata 138. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, kipimo hupanda kwa uongo. Jambo hilo linajulikana, na mkanda mpana si kifaa cha kuagizwa kwa bajeti ya ziada.

Hata hivyo, linalotuumiza zaidi ni dawa. Mzee wa presha hupewa dozi ya mwezi mmoja, kwa hiyo kila mwezi hupanda matatu, hupanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mara nyingi hufika dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Asiye na pesa hugawa kidonge mara mbili, au hukimeza siku ile tu kichwa kinapomgonga, akidhani presha hupiga hodi, ilhali mara nyingi haisemi neno mpaka siku mdomo unapopinda. Kiharusi kikishampata, binti yake huacha kibanda chake cha mboga akakaa nyumbani kumgeuza kitandani. Sijui gharama hiyo huandikwa katika kitabu gani.

Wajibu wetu tunaujua. Kikundi chetu cha wastaafu hutembea nusu saa siku tano kwa juma, na tumepunguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, tukihesabu na ile iliyojificha ndani ya mkate na viungo vya pakiti (hapo ndipo wengi wetu tulishindwa mwanzoni). Tunachunguza nyayo zetu kila jioni, na vitambara vinavyoteleza tumeviondoa sakafuni.

Ninachoomba, Mheshimiwa, kimo ndani ya uwezo wa ofisi yako, kwa kuwa Ratiba ya Nne ya Katiba imezikabidhi kaunti huduma za afya ya msingi, nayo Ibara ya 57 inaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima na kutunzwa. Stripu na mikanda mipana iingizwe katika oda ya kawaida ya zahanati, isingojee wafadhili. Mgonjwa ambaye presha au sukari yake imetulia apewe dawa za miezi mitatu. Na yeyote aliyefikisha miaka 60 apimwe presha na sukari kila anapofika kituoni, hata akiwa ameleta mjukuu mwenye kikohozi.

Sisi hukutana kila Jumamosi saa moja asubuhi. Binti yule akija na mkoba uliojaa, atatukuta tumeketi kimya dakika tano, migongo imeegemea, miguu imekanyaga chini, na chai bado haijamiminwa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Kaptembwo, Nakuru