Mlakasa na Nguchiro wa Mambrui

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya viumbe wawili ambao wenye viwanja vya ufuoni hapa Malindi huwaondoa kwa pamoja wakidai wanasafisha pori, nao ni mlakasa na nguchiro.

Mlakasa ni ule mmea utambaao juu ya mchanga, wenye jani lililopasuka nchani mfano wa kwato la mbuzi, na ua la zambarau linalochanua asubuhi na kunyauka siku iyo hiyo. Wapita njia husifu ua, nami husifu shina, maana ukiliinua utaona kila kifundo kimeteremsha mizizi yake, na ndiyo sababu kusi inapovuma mchanga hukwama pale ulipo mlakasa na kuhama pale ulipong'olewa. Jirani yangu aling'oa wote ili aione bahari vizuri. Sasa kila asubuhi anazoa mchanga barazani kwa sepetu.

Nguchiro naye hafanyi kazi bure, hujilipa mwenyewe. Niliwahi kumwona yule mwembamba, mwenye mkia wa ncha nyeusi, akilishika yai la kuku wangu kwa miguu ya mbele, akaligeuzia mgongo jiwe la matumbawe, kisha akalirusha nyuma katikati ya miguu yake likapasuka. Nilikasirika, sikatai. Hata hivyo mnyama huyu asiyefika kilo moja hushinda mchana kutwa akiwinda panya, mijusi, panzi na hata nyoka, na kwa hesabu yangu mayai machache ni ujira wa haki.

Tatizo ni sumu. Yai lililotegwa kwa ajili ya nguchiro halichagui mlaji: mtaani petu liliwaua paka wawili, na panya wakabaki darini wakijitawala.

Nguchiro huzuilika kwa wavu wa matundu madogo na mayai kuokotwa mapema. Mlakasa hauna pa kukimbilia, kwa hiyo anayetaka njia ya kufika majini na akate upana wa njia tu. Jirani yangu amekuja kuniomba vipande apande upya kabla ya kusi. Nimempa, nikamwonyesha kwamba kinachofukiwa ni vifundo, si ncha.

Msomaji wako,
Mambrui, Malindi